Amri Lazima Bibi Aisikie

Enzi zetu mtoto hakuanza vita kabla hajajenga uwanja wake. Naandika "enzi zetu" na kalamu yenyewe inanicheka, maana nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na katika bweni hili hata paka wa jikoni ana heshima ya uzee kunizidi. Lakini likizo iliyopita nilimwona mdogo wangu Lusajo, wa darasa la tatu, akipigana vita na wenzake nyuma ya nyumba. Vita gani vile! Kila mmoja ana kijiti, wanakimbizana.

"Tatatatata! Umekufa!"

"Sijafa!"

"Umekufa, nimekuona!"

"Risasi imepita pembeni!"

Mpaka jioni hakuna aliyekufa na hakuna aliyepona. Hakuna kilima, hakuna mto, hakuna kanuni, na kubwa kuliko yote, hakuna seng'enge. Nikasimama mlangoni mikono kiunoni kama mama mkwe, nikataka kuwaeleza vita ni kitu gani. Sikuwaeleza. Mimi sisemi, mimi huandika.

Basi haya ni kwa ajili yenu wa rika langu, mliokuwa darasa la tano na la sita wakati wa vita vya Uganda, ingawa daftari hili silifungui mbele ya mtu na kulala linalala chini ya godoro langu. Mnisamehe. Nawasimulia bila ninyi kujua.

Nakumbuka Sumbawanga na baridi yake. Juni na Julai tulikwenda shule miguu mitupu juu ya umande, na ukifika huna hakika kama vidole bado ni vyako. Mkononi kuni za jiko la mwalimu, kichwani kigunia cha mbolea ya shamba la shule, kwa sababu elimu ilikuwa ya kujitegemea na mbolea haikujipeleka yenyewe. Kabla ya kengele tulijipanga ukutani upande wa jua kama mijusi. Mpaka leo nikisikia harufu ya ulezi unaokaangwa, miguu yangu inaanza kuona baridi.

Baba alikuwa karani wa serikali, mtu wa Mbeya, na tulikaa Chanji katika nyumba ya kupanga. Ng'ambo ya ua wetu walikaa Wafipa wenyewe hasa, Wakatoliki, mashamba yao yako Kasense, na baada ya mavuno ua wao ulijaa mahindi mpaka kuku walitembea kwa kujipinda. Pale palikuwa na Deusi, aliyekuwa darasa la sita na mwenye sauti kama honi ya lori. Palikuwa na dada yake Skola, mwenzangu wa darasa la tano, ambaye sauti ya kaka yake aliiona ya mgonjwa. Na palikuwa na bibi yao, ambaye sote tulimwita Bibi tu, aliyekaa kizingitini kutwa nzima akipukuchua mahindi, na ambaye kusikia kwake kulikuwa kwa kubahatisha.

Mimi nilikuwa Atupele. Wao waliniita Mnong'ono.

Miaka ile redio ilizungumza vita asubuhi na jioni, na sisi tukawa na vita vyetu juu ya meza. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani wa banda la nguruwe, umelazwa juu ya madebe. Deusi aliupaka udongo wa kichuguu, akainua vilima viwili, kimoja kila upande, na katikati akachora mto kwa bluu ya kufulia, mpaka mama yake alipouliza mbona mashuka ya mwaka huu ni ya manjano. Msitu ulikuwa mabua ya ulezi. Askari tuliwafinyanga kwa udongo, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Jeshi moja lilikuwa na kichwa cha punje ya hindi na jingine kichwa cha punje ya harage.

Nawaambia jambo moja ambalo sasa hivi linanichekesha. Hakuna aliyekubali kuwa adui. Deusi alisema yeye hawezi kuwa nduli hata kwa mchezo. Skola akasema labda kuku awe nduli. Kwa hiyo Jeshi la Mahindi na Jeshi la Maharage yote mawili yalikuwa majeshi ya kizalendo, yote yanaitetea nchi ileile, yanapigana yenyewe kwa yenyewe kuanzia mchana mpaka ng'ombe wanaporudi. Aliyetekwa hakuuawa. Alipelekwa pembeni mwa meza, kwenye kijiji cha ujamaa, akalime. Kijiji kile kilistawi sana. Na kuku kweli alikuwa nduli, maana alikula vichwa vya pande zote mbili bila ubaguzi.

Mimi niliingia katika vita kwa mlango wa seng'enge, na seng'enge niliijua kwa aibu. Pale joshoni, ng'ombe wanakoogeshwa dawa, palikuwa na ua wa seng'enge, na siku moja tukitoka shule sweta langu lilinasa mgongoni. Mtoto mwingine angepiga kelele. Mimi niliona haya. Wenzangu wakapita, wakaondoka, nami nikabaki nimegeuza shingo, naitazama ile seng'enge kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Nikaiona vizuri. Nyaya mbili zimesokotwa pamoja, na kila baada ya kama shubiri kuna kipande kifupi kimezungushwa mara mbili na kuachwa na ncha huku na huku. Nikajisemea moyoni, mbona hii ni nywele! Mama alikuwa amenifundisha kufunga nywele kwa uzi, na mwendo wa vidole ulikuwa uleule. Mchunga ng'ombe mmoja alipokuja kuninasua, mimi nilikuwa fundi tayari.

Vifaa nilivipata kwa fundi baiskeli wa kule Mazwi, aliyekuwa na rundo la nyaya za breki zilizochoka. Sikumwomba. Nilisimama tu mbele ya rundo kila siku nikitoka shule, mpaka akachoka yeye.

"We mtoto, unataka nini hapa?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Chukua basi, uende! Unanifukuzia wateja, wanadhani nimekudhulumu."

Waya wa breki ukiufumua unapata nyuzi nyingi nyembamba za chuma, lakini ni kaidi, ukiukunja unarudi na kukuchoma. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa, vidole vimetoboka kama chujio, siku uzi mmoja uliponiponyoka ukaangukia ndani ya jiko la mkaa. Nilipoutoa ulikuwa umekuwa mweusi na mtiifu, unalala unavyoulaza. Tangu siku ile kila uzi ulipita jikoni kwanza, na mama kila siku aliuliza ni nini kinachonuka kama gereji ndani ya mboga.

Kazi ilikwenda hivi. Nafunga nyuzi mbili kwenye msumari ukutani, ncha nyingine naifunga kwenye penseli, nazungusha penseli mpaka zijisokote. Kisha napachika miiba, vipande vifupi nilivyovikata kwa mkasi wa kucha wa baba, kila kipande mizungusho miwili. Ili miiba isisongamane, nilikuwa nahesabu nafasi kwa midomo, bila sauti: moja, mbili, tatu, mwiba, moja, mbili, tatu, mwiba. Nikimaliza nailaza katika maji ya chumvi na majivu ishike kutu, kisha naizungusha kwenye gunzi ikae mviringo. Nguzo zilikuwa njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka, kwani kichwa chake cheusi kilifanana na nguzo iliyonusurika moto. Jamani, ilikuwa nzuri! Ukiinama na kufumba jicho moja ungesema uko vitani. Mimi niliinama na kufumba jicho moja mara nyingi mno kwa mtu mwenye kazi za shule.

Sasa kanuni. Askari akifika kwenye waya amenasa, awe wa kwako au wa mwenzako, kwa sababu Deusi alisema waya hauna chama. Hatoki mpaka kamanda wake atoe amri ya "Kata waya!" Kisha virushwe vizibo vya soda, na vikilala vingi chali ametoka. Mwanzoni tulikuwa na ugomvi usiokwisha: "Nilitoa amri!" "Hukutoa!" Ndipo Deusi akamteua mwamuzi. Amri lazima Bibi aisikie, pale kizingitini alipo. Akisikia anainua gunzi juu, na amri imepita. Asipoinua, hakuna amri.

Kwa Deusi na Skola hiyo haikuwa taabu, Bibi aliinua gunzi hata kabla hawajamaliza. Kwangu mimi ulikuwa mwisho wa ndoto. Nilitaka kuwa kamanda, nilitaka kwa moyo wote, usiku nilijiona nimesimama mwisho wa meza nasema neno na askari wanakwenda. Lakini nikifungua mdomo kilichotoka kilikuwa hewa.

"Bibi, umesikia?" Skola alikuwa akiuliza.

"Nimesikia nini?"

"Atupele kasema."

"Kasema nini?"

"Ndiyo tunakuuliza wewe!"

Basi nikabaki fundi. Nilikaa chini ukutani, karibu na kizingiti cha Bibi, nasokota waya wa majeshi yote mawili, midomo inacheza. Na Bibi, sijui kwa nini, alinipenda sana. Skola na Deusi wakipita mbele yangu kwa kelele aliwafokea kwa Kifipa, kisha ananigeukia na kujitafsiria: "Nimewaambia wakuache." Aliniwekea hindi la kuchoma chini ya majivu. Alianza kuniita "mtawa wangu", nami nikadhani ni kwa sababu nimekonda.

Siku moja aliniita. "Mama, njoo hapa. Nami nitengenezee moja."

Nikaitika kwa kichwa.

"Ndefu kidogo. Uweke kumi, halafu nafasi, halafu kumi, halafu nafasi. Hivyo hivyo mpaka izunguke. Na hizo ncha uzikunje, mimi mtu mzima, ngozi yangu nyepesi."

Mtu mwenye akili angeuliza, Bibi, ya nini? Lakini kuuliza ni kusema. Nikajiambia labda ni ya kufungia banda la vifaranga, labda vifaranga wa Kifipa wanahesabiwa kumi kumi. Nikamtengenezea waya bora kuliko wote niliowahi kutengeneza, miiba nimeikunja vichwa ikawa kama punje za ulezi. Bibi aliupokea kwa mikono miwili. Machozi yalimlengalenga, nami nikaona hakika huyu mama anawapenda vifaranga wake.

Baada ya hapo baba akarudi kutoka kazini jioni moja, akakaa mezani, akanitazama muda mrefu kabla ya kugusa ugali.

"Atupele."

"Abee baba."

"Leo mtu kanisimamisha njiani, kanipa mkono, kanipongeza. Anasema kasikia kanisani kwao kwamba binti yangu anakwenda kwa masista. Nikamwambia kakosea nyumba. Sisi si hata wa kanisa lao."

Mama akacheka mpaka akaweka bakuli chini. "Masista gani, huyu anayeogopa kwenda dukani kununua chumvi?"

"Ndio hao hao wanaowataka," baba akasema, na hakucheka.

Nikalia. Ukiniuliza kwa nini nililia sijui, ila nilikuwa mtoto wa kulia kwanza na kufikiri baadaye, na ile ya pili mara nyingine sikuifikia.

Kisha ukaja uhamisho. Nyie wenzangu watoto wa wafanyakazi wa serikali mnaujua. Baba anaingia na bahasha, mama anakaa kitandani, na kesho yake mabakuli yanafungwa kwenye magazeti. Tunakwenda Iringa. Jumamosi moja tu ilibaki. Niliposikia hivyo sikulilia shule wala nyumba, niliililia ile meza, kwa sababu Iringa hakuna atakayejua kwamba mimi ni mtu wa vita.

Skola ndiye aliyesema. "Jumamosi Atupele awe kamanda wa Mahindi. Mimi nitamsogezea askari."

"Sauti ataipata wapi?" Deusi akauliza.

"Nitamwazima yangu."

"Sauti haiazimwi. Kanuni hairuhusu."

"Basi atatumia yake. Anayo, hajaitoa tu kwenye karatasi."

Wiki nzima nikajenga. Kushinda ilikuwa ni kufikisha mbeba bendera wako, askari mwenye unyoya wa kuku, juu ya kilima cha mwenzako. Mimi nikaamua kwanza kilima changu kisiguswe. Nikakizungushia seng'enge safu moja, nikaipenda, nikaweka safu ya pili, nikaipenda zaidi. Jumamosi nilipoipachika yote pale mezani, hata Deusi alisogea karibu. Aliinama, akafumba jicho moja.

"Mnong'ono," akasema taratibu, "hii hata mbwa wa kweli hapiti."

Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile. Haikudumu. Skola alikuwa anazunguka meza, kidole mdomoni.

"Atupele. Mlango uko wapi?"

"Mlango?"

"Wa kutokea. Mbeba bendera wetu atapita wapi?"

Nikatazama. Nikazunguka meza. Nikatazama tena. Safu mbili za waya mzuri kupita kiasi, pande zote, hakuna hata pa kupitisha siafu, na ndani yake Jeshi zima la Mahindi limesimama na unyoya wake.

"Hata boma la ng'ombe la babu lina mlango," Skola akasema, "na ng'ombe hawana bendera ya kupeleka popote!"

Deusi alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi leo sipigani. Kamanda kajiweka mahabusu mwenyewe! Endeleeni, mimi nipo, nakula muhogo wangu."

Ikabaki njia moja tu. Nitoe amri ya kukata waya wangu mwenyewe, na Bibi asikie.

"Kata waya," nikasema.

"Nani huyo? Nimesikia mbu," Deusi akasema, mdomo umejaa.

"Tena," Skola akaninong'oneza, nadhani kwa huruma alikuwa amesahau yeye hanong'oni. "Mtazame Bibi. Sema na Bibi."

Nikamgeukia Bibi. Mkononi nilishika kipande cha waya kilichobaki, nikakipitisha vidoleni mwiba kwa mwiba nipate moyo, kama nilivyozoea. Nikafungua mdomo. Kata waya. Bibi alinitazama midomo. Akaacha mahindi, akainamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba.

"Amina," akasema.

Hata Deusi aliacha kutafuna.

"Bibi, amina ya nini?"

"Ya sala ya mwenzenu. Ninyi hamuoni mtoto anasali? Kila siku anasali pale ukutani kimya kimya, baba yake asijue, na ninyi mnampigia makelele."

"Si sala, Bibi! Ni amri!"

"Eeh. Ya ngapi?"

"Ya ngapi nini?"

"Si amri? Ziko kumi. Kasema ya ngapi?"

Skola akaanza kucheka, na Bibi akaudhika. "Mnacheka? Na hii je? Hii hakuitengeneza yeye kwa mikono yake?" Akaingiza mkono ndani ya kanga, akavuta kutoka shingoni waya wangu, kumi na nafasi, kumi na nafasi, umefungwa msalaba mdogo wa vijiti kwenye ncha. "Rozari yangu ilikatika wakati wa masika, nikatafuta nyingine mji mzima, hakuna. Huyu kanisokotea. Padre mwenyewe kaibariki. Inachoma kidogo hapa nyuma, nikajua ndiyo toba."

Akageuza shingo atuonyeshe. Kulikuwa na mwiba mmoja niliosahau kuukunja, na chini yake mkwaruzo mwekundu.

Sijui kilitoka wapi. Kilipanda kutoka kwenye vidole vya miguu.

"BIBI, HIYO NI SENG'ENGE!"

Kuku walitawanyika. Ng'ambo ya ua mama alitoka mbio na mwiko mkononi: "Nani kaumwa? Nyoka?" Mbwa wa jirani wa tatu alibweka. Nami nikasimama pale nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili, kama aliyevunja sahani ya mtu.

Bibi alinitazama. Polepole akaokota gunzi, akaliinua juu.

"Nimesikia," akasema.

Skola akaruka. "Kainua! Bibi kainua gunzi! Amri imepita!"

"Amri gani?" Deusi akasimama. "Kasema 'hiyo ni seng'enge'. Hiyo si amri. Hiyo ni taarifa!"

Na mimi, mpumbavu wa haki, nikaitika kwa kichwa kukubaliana naye. Kanuni ni kanuni. Mama alikuwa ananiita nikafunge vyombo. Deusi akatangaza kwamba zamu bado ni ya Mahindi, mchezo umesimama palepale, na hakuna atakayegusa meza mpaka kamanda atoe amri iliyo sahihi.

Jioni kabla ya kula nilirudi kwa Bibi nimwambie nisamehe, nimfanyie nyingine ya uzi. Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga vizuri njiani na yote yakaniishia kwenye shikamoo.

"Marahaba. Umekuja kunyang'anya?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata ukitaka sitoi. Iwe seng'enge, isiwe seng'enge, imekwisha barikiwa." Akaipitisha vidoleni kidogo. "Ila imeniangusha. Tangu niliposikia habari ya baba yako naisalia hiyo hiyo, msihamishwe. Na lori linakuja kesho."

Nilifikiri nitamwambia kitu. Nilikaa naye tukapukuchua mahindi mpaka mama aliponiita.

Asubuhi lori la serikali lilipakiwa vitanda, magunia, kuku wetu ndani ya tenga, na juu ya yote hayo mimi na Lusajo, aliyekuwa bado mdogo wa kufungwa kwa kanga asidondoke. Baba na mama walikaa mbele na dereva. Deusi na Skola walisimama barabarani, Bibi kizingitini kwake. Injini ikanguruma, ua ukajaa moshi. Watu wazima wakapunga mikono na kusema yale wanayosema. Lori likaanza kuondoka, na ile nyumba ikaanza kuwa ndogo, na juu ya mlango wa banda la nguruwe jeshi langu zima lilikuwa bado limefungiwa.

Nikasimama juu ya magunia. "KATA WAYA!"

Lori likapiga breki tukaangukiana na tenga la kuku. Baba akatoa kichwa dirishani. "Kata nini? Nini kimenasa?" Dereva akashuka, akainama akatazama magurudumu, akazunguka mbele, akazunguka nyuma. "Waya uko wapi? Nani kasema kuna waya?"

Mimi sikuwatazama. Nilikuwa natazama kizingitini. Pale hapakuwa na gunzi karibu, alikuwa amekwisha fagia. Bibi alitazama chini kulia na kushoto, kisha akaivua ile rozari shingoni, akaiinua juu kadiri mkono wake ulivyofika.

Deusi akageuka akakimbilia uani kurusha vizibo, Skola nyuma yake, wanasukumana mlangoni. Dereva akapanda, akasema watoto wa siku hizi hawana adabu, akatia gia. Nilibaki nimesimama, nimekaza macho kwenye ule mlango wa uani, mpaka tulipokata kona.

Yamepita hayo. Huku niliko, mwalimu akiniuliza swali nasimama, najibu, naye anasema, "Sauti, Atupele," na darasa linacheka, nami nacheka nao maana najua linalowachekesha. Wasichana wa kidato cha kwanza wanaongea wote kwa pamoja kuanzia kengele ya kuamka, na kila mmoja anasikika. Lusajo na wenzake wanapiga tatatata yao, kila mmoja jemadari, hakuna wa kumwuliza. Zamani zetu ilibidi tungoje mpaka bibi mmoja mwenye masikio mabovu aache mahindi yake. Mpaka leo nikipita penye baiskeli mbovu nautazama waya wa breki kwanza, kabla ya kumtazama mwenye baiskeli, na vidole vinaanza vyenyewe: moja, mbili, tatu, mwiba.

Huenda ule mlango umerudi kwenye banda la nguruwe. Huenda Bibi bado anayo shingoni, na ule mwiba mmoja aliukunja mtu. Ningependa sana kujua vile vizibo viliangukaje.